Mafunzo ya utayarishaji wa filamu Afrika Mashariki

Ndugu, umeuliza kama mtu anayetaka kuwa mtayarishaji wa filamu na televisheni anaweza kupata mafunzo bila kwenda Ulaya. Anaweza. Kampala ilipata Maisha Film Lab, kituo cha mafunzo ya filamu kilichoanzishwa na Mira Nair, mwongozaji wa filamu mzaliwa wa India, mwaka 2004, na mwaka 2018 MultiChoice Talent Factory, chuo cha filamu cha kampuni ya televisheni ya kulipia MultiChoice, kilianza kufundisha vijana wa kanda hii jijini Nairobi. Hata hivyo, kabla hujaomba nafasi popote, soma mtaala kwa makini: ukihusu kamera na uhariri pekee, hautakufaa sana, kwa kuwa kazi ya mtayarishaji, ambayo wengi huichanganya na ya mwongozaji, ni kutafuta fedha, kupanga bajeti na ratiba, na kukamilisha mikataba ya hakimiliki kabla kamera haijawashwa.