Kuitambua miti ya mitaani Mombasa kwa jani, gome na tunda

Mwalimu, umeuliza jinsi ya kuitambua miti ya mitaa yetu ya Mombasa pasipo kusubiri ichanue maua, kwa kuwa wanafunzi wa chama chako cha mazingira huokota jani moja na kutaka jina lake papo hapo. Mimi naotesha miche na kuiuza huku Kisauni, na wateja huniletea majani ya kila namna wakitaka mti kama ule waliouona kwa jirani, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu nikitumia miti ninayoishughulikia mwenyewe.

Ninalolitilia mkazo kabla ya mengine yote ni kwamba jani lililookotwa chini, peke yake, halitoshi. Ni lazima lionekane limekaaje tawini. Miti mingi ya mjini kwetu ina jani moja lililogawanyika vijani vingi, na mtoto akichuma kijani kimoja atadhani ameshika jani zima. Wafundishe kutazama pale kikonyo kinapokutana na tawi. Palipo na tumba dogo ndipo jani linapoanzia, ilhali kijani hakina tumba mahali kinapojishikiza. Wakishalijua jani zima ni lipi, watazame kama majani yamekaa mawili mawili yakielekeana au yanapishana moja moja. Gome na tunda huja baadaye, kuthibitisha.

Nianze na mwarobaini, ambao wazee wengi wa pwani huuita mkilifi, kwa sababu ndio unaochumwa zaidi na ndio ninaouhofia zaidi ukichanganywa na mwingine. Jani lake limegawanyika mara moja tu: pana uti mmoja wa katikati na vijani vimepangwa pande zote mbili. Kila kijani kimepinda kidogo mfano wa mundu, kingo zake zina meno ya msumeno, na upande mmoja wa kitako chake ni mpana kuliko wa pili. Gome la mti mkubwa ni la kijivu lenye nyufa za wima, na tunda lililoiva ni la manjano, la mviringo mrefu kama zeituni ndogo. Mti unaofanana nao ni mmelia, ambao baadhi ya watu huuza miche yake kwa jina la mwarobaini, kwa kujua au kwa kutojua. Jani la mmelia limegawanyika mara mbili, pengine hata mara tatu, maana kutoka kwenye uti wa katikati hutoka nyuti nyingine ndizo zinazobeba vijani. Tunda lake ni la duara na hubakia tawini hata majani yakishapukutika. Tunda hilo lina sumu kwa binadamu, na ndiyo maana siwezi kulipitia jambo hili kwa haraka: mtu anayechemsha majani kwa ajili ya dawa, au mtoto anayeonja matunda, anahitaji mtu aliyemwambia tofauti ya miti hii miwili. Wataalamu wanauita wa kwanza Azadirachta indica na wa pili Melia azedarach, na majina hayo yafaa yaandikwe kwenye kibao cha shule chini ya mti wenyewe.

Picha uliyoituma, yenye jani kama unyoya, ukauliza kama ni mkwaju au ule mti wa maua mekundu ambao wengi wetu huuita mkrismasi, ni ya mkwaju. Jani lake limegawanyika mara moja, vijani vyake vimekaa jozi kwa jozi, kwa kawaida jozi 10 hadi 18, na nchani hamna kijani cha pekee kinachofunga safu. Mkrismasi, ambao asili yake ni Madagaska, una jani lililogawanyika mara mbili, na vijani vyake ni vidogo zaidi, chini ya sentimita moja. Magome yake pia hayafanani: la mkwaju ni jeusijeusi, la magamba na nyufa, na la mkrismasi ni jepesi kwa rangi na laini kwa mkono. Matunda ndiyo yanayomaliza ubishi, kwa kuwa ukwaju ni ganda la kahawia linalovunjika kwa vidole na ndani mna nyama chachu ambayo kila nyumba ya hapa inaijua, ilhali ganda la mkrismasi ni bapa, gumu kama ubao, na huweza kufikia sentimita 60, likining'inia miezi mingi baada ya maua kwisha.

Mwembe na mzambarau huchanganywa na wageni wa miti pale tu inapokosa matunda. Majani ya mwembe hupishana, na machanga hutoka na rangi nyekundu au ya shaba kabla ya kugeuka kijani. Ukilisugua jani utasikia harufu ile ya embe bichi. Utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu, basi wasugue kidogo na kunawa. Majani ya mzambarau huelekeana mawili mawili. Ukiliinua jani lake dhidi ya mwanga utaona vitone vidogo vya mafuta, na mshipa mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo wake wote, alama ambayo mwembe hauna kabisa.

Kwa mkungu na mkorosho, majani ya yote mawili ni mapana kuelekea nchani na membamba kuelekea kikonyo, na hapo ndipo watu wanapokwama. Simama mbali kwanza uutazame mti mzima. Mkungu hutoa matawi ya ulalo kwa matabaka, tabaka juu ya tabaka, na majani yake makubwa hujikusanya ncha za matawi. Kabla hayajaanguka hugeuka mekundu, ndiyo maana chini ya mkungu pana mchanganyiko wa rangi usiouona chini ya mti mwingine wowote wa barazani kwetu. Kungu ni bapa kidogo na lina ukingo uliochongoka pembeni. Popo hula nyama yake ya nje na kuiangusha kokwa mbali na mti mama, na watoto huipasua kokwa hiyo kwa jiwe ili wapate kiini. Jani la mkorosho ni gumu kama ngozi, mishipa yake imejitokeza na ina rangi ya manjano hafifu, na ncha yake ni butu. Panapo bibo na korosho yake chini hapahitaji maelezo.

Mbuyu uwafundishe kwa gome, kwa sababu sehemu kubwa ya kiangazi hauna jani. Wapeleke bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, washike gome la mibuyu ile mikubwa: ni la kijivu, laini, limejikunja mahali mahali, na penye kovu limejifunika upya. Mvua zikinyesha wataliona jani lake, vijani vitano hadi saba vilivyotoka mahali pamoja mfano wa vidole vya kiganja. Mche mchanga, hata hivyo, huwa na majani yasiyogawanyika, na wanunuzi hukataa kuamini kwamba ni mbuyu.

Mvinje si jamaa ya msonobari, ingawa watu wengi husema hivyo. Yale yanayoonekana kama sindano ni vitawi vyenye vifundo. Uking'oa kifundo kimoja utaona majani yenyewe, magamba madogo 6 hadi 8 yaliyozunguka kama meno. Ndio mti ambao René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, aliutegemea alipoanza mwaka 1971 kuotesha msitu juu ya machimbo matupu ya saruji kule Bamburi, kwa kuwa mizizi yake huishi na bakteria wanaoipatia naitrojeni pale ambapo hamna udongo wa maana.

Mfenesi na mshelisheli yote hutoa utomvu mweupe jani likikatwa, na huacha alama ya pete tawini. Jani la mfenesi mkubwa ni zima na la mshelisheli limekatika kwa kina hadi karibu na uti. Mkunazi utautambua kwa mishipa mitatu inayoanzia kitakoni mwa jani, upande wa chini mweupe, na miiba. Mwashoki, unaopandwa kando ya kuta za nyumba, una jani refu lenye kingo za mawimbi.

Wakikwama, nitumieni picha nne: kitawi chenye majani kadhaa, upande wa chini wa jani, gome kwa kimo cha kifua, na tunda lililokatwa katikati, rula iwekwe kando ya kila kimoja, na mtaa uandikwe.