Maswali yenu: hela ya usalama wa mtandao tuitafute wapi?

Tuko vijana watano hapa Mwanjelwa, Mbeya, tumesoma TEHAMA. Tunataka kutengeneza programu ya kuwakinga mawakala wa pesa za simu dhidi ya matapeli. Halmashauri itatukopesha?

Inaweza. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ila mkopo ni deni, wadogo zangu. Marejesho yatawadai wakati programu haijanunuliwa hata na wakala mmoja. Mimi ningekopea kazi inayoingiza hela mapema, kama kufunga na kutunza mitandao ya maduka na shule, na ubunifu nikautafutia ruzuku. Bisheni hodi COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mfuatilie MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza 2019. Kabla ya kuandika andiko la kuomba ruzuku, kaeni na mawakala wa Kabwe wawaonyeshe meseji zenyewe wanazoibiwa nazo. Andiko la kurasa kumi kuhusu "usalama wa taifa" bila mteja hata mmoja halinishawishi, na sidhani litamshawishi mtoa ruzuku.

Kwa nini serikali haiweki fedha kwenye fani hii?

Zipo, ila zimevaa majina mengine. Mradi wa Tanzania ya Kidijitali ulipata dola milioni 150 za Benki ya Dunia mwaka 2021. Ukitafuta mfuko ulioandikwa "usalama wa mtandao" tu, utazeeka.

Kamwene. Binti yangu wa Mafinga amemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati). Anaitaka fani hii, nami ni mkulima wa viazi.

Kamwene, mama. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wana shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Uhandisi wa kompyuta pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, nao asiudharau, ni karibu na nyumbani. Akiwa miongoni mwa waliofaulu juu kabisa kwenye sayansi, kuna Samia Scholarship, ufadhili wa masomo ambao haurejeshwi. La sivyo, Bodi ya Mikopo. Cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, mapema, kabla dirisha la maombi ya mkopo halijafunguliwa.

Kuna kozi ya wiki mbili Iringa mjini, wanaahidi ajira nje. Nilipe?

Usilipe. Anza na kozi ya utangulizi ya Cisco mtandaoni, ni bure.

AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa, Mbozi, ina kompyuta moja na haina fungu la mafunzo. Tuanzie wapi?

Orodha yenu ya wakulima, simu na akaunti zao inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo jambo hili si la hiari, Katibu. Mengi hayagharimu: malipo yaidhinishwe na watu wawili; akaunti ya mkulima "ikibadilishwa" kwa meseji, mpigieni kwa namba yake ya zamani; nakala ya kumbukumbu ikae nje ya ofisi. Meseji za kitapeli zitumeni kwenye namba 15040. Kisha ombeni chuoni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mumlipie nauli na chakula. Hoja hiyo ipite kwenye mkutano mkuu kabla malipo ya msimu hayajaanza kuingia.