Barua kwa mwanangu: umeniuliza kama ukubali kuwa yule mama

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako nimeisoma jana usiku baba'ako kashalala, asubuhi nikamsomea na yeye huku anakunywa chai. Umesema hiyo tamthilia ya huko Dar wamekupa nafasi ya mama mwenye nyumba anaemtesa hausigeli wake, anampiga, anamnyima chakula, mpaka siku moja anamchoma na pasi, na unaniuliza, "Mama, mimi niliyelelewa kanisani na kusomeshwa nyumbani na nyinyi, nikubali kweli kuwa huyu mwanamke? Na nyinyi mliponiacha niigize toka mdogo hamkuogopa?" Haya, ntakujibu yote mawili ila naanza na la pili, mana jibu la la kwanza limo humo humo.

Tuliogopa, tena sana. Lakini watu wengi walikuwa wanadhani tumekutoa skuli ili tukufiche na dunia, ndo mana walishangaa baadae kukuona jukwaani. Sivyo hata kidogo. Ulipomaliza msingi ulikuwa mtoto wa kukaa nyuma, darasa limejaa, mnaingia mkondo wa mchana, jioni unarudi umechoka na sidhani kama kuna mtu aliekusikia sauti yako kutwa nzima. Miye nlikuwa mwalimu, nikaona naweza kukaa na wewe mezani asubuhi ukiwa kichwa chepesi, tukaomba, tukajibana kwa mshahara mmoja, tukaanza. Siku hizi wanaita homuskuli na wapo wanaoona ni jambo la kisasa, zama zile mtaani walisema tu yule mtoto hasomi. Nikiwaeleza kuwa ipo njia, mtoto anafanya QT, ule mtihani wa maarifa, akifaulu anakaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ule ule wa NECTA, Baraza la Mitihani, wanaofanya wenzake, walikuwa wanaitikia kwa adabu tu ila hawaamini. Waliamini ulipopata cheti na ukakubaliwa Bagamoyo, pale chuo cha sanaa kilichoanza 1981 ambacho sasa ndo TaSUBa.

Sasa kuigiza. Hatukukufundisha sisi, kilikuwemo ndani yako kikasubiri upate nafasi ya kupumua. Unakumbuka lile igizo la Ijumaa Kuu kanisani Mkunazini, hapa Unguja, ulipewa yule kijakazi anaemwambia Petro kuwa na yeye alikuwa na Yesu. Sentensi moja tu. Watoto wengine walikuwa wanalilia kuwa Maria au malaika, wewe ulikuja jikoni ukaniuliza, "Mama, huyu kijakazi alikuwa anafanya nini kabla hajamuona Petro?" Mie sikuwa na jibu, nlikuwa nakuna nazi, nikakwambia kafungue Injili zote uangalie. Ukakaa nazo. Yohana anasema ndie aliekuwa mlangoni na kwamba palikuwa na moto wa makaa, Luka anasema alimuona Petro kwenye mwanga wa moto akamkazia macho. Ukaamua wako atakuwa anachochea ule moto, ukachukua seredani yangu, lile jiko la makaa, na kipepeo cha kupepea moto, na siku ile ukachutama pale mbele unapepea, unapepea, mpaka watu wakakusahau kabisa wakawa wanamtizama Petro. Halafu mkono ukasita. Kipepeo kikabaki hewani, ukanyanyua macho, ukamtizama, ndo ukasema. Mie nlikaa karibu na nguzo nikahisi kama mimi ndie nliyekamatwa. Watu wanaisoma ile aya kila mwaka lakini siku ile waliiona.

Baba'ako tulipokuwa tunarudi kwenye gari ya Mbweni aliniambia neno moja tu, huyu mtoto anatizama watu. Akaanza yeye mwenyewe kukupeleka mazoezini.

Maneno yalikuja, yote uliyasikia. Mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani kwa heshima zake, akasema kuigiza ni kusema uongo na mtoto wa Kikristo hafunzwi uongo. Jirani yetu mama wa Kiislamu, ambae ndie alietuazima ule mtandio wako wa kijakazi, na yeye aliona vibaya mtoto wa kike kusimama mbele ya wanaume. Wote wawili walikuwa wanakupenda na hawakuja kwa shari, kwa hiyo nliwasikiliza. Yule mzee nilimfungulia Ezekieli sura ya 4. Mungu anamwambia nabii achukue tofali achore juu yake mji wa Yerusalemu, auzingire kama jeshi linavozingira, asimamishe kikaango cha chuma kama ukuta kati yake na mji, halafu alale ubavu wa kushoto siku 390 watu wakimtizama. Hiyo nini kama si kuigiza? Mwongo anataka usijue kuwa anakudanganya, lakini alieketi kwenye kiti kanisani au mbele ya jukwaa pale Ngome Kongwe anajua fika kuwa wewe si kijakazi wa kuhani, amekuja kwa hiari yake uoneshe kitu asichoweza kukiona peke yake. Mzee hakukubali siku ile ila aliondoka anafikiri, na mwaka uliofata mjukuu wake alikuwa mchungaji wa kondoo kwenye Krismasi.

Na jambo jengine lililonipa moyo ni lile tulilosoma kwenye historia yetu wenyewe. Edward Steere, yule askofu aliejenga kanisa la Mkunazini pale pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, kabla hata hajawa askofu alikuwa anakaa na watu wa Unguja kusikiliza hadithi zao, za wanyama, za masultani na majini, akaziandika na kuzichapisha 1870. Mtu wa Mungu aliekuja na kazi nzito kiasi kile, na bado akaona paukwa pakawa inastahili muda wake. Kwa hiyo nikasema kama yeye hakuona aibu, na mie sioni.

Tena kwa kweli masomo yako nusu yalipita kwenye kuigiza. Tunakaa Mbweni, mahali ambapo wamisheni waliwaweka watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa, na wasichana wakajengewa skuli yao, na wewe ulikuwa unapita hapo kila siku kwenda dukani bila habari. Nilipokupa kazi uandike juu ya msichana mmoja anaefika hapa siku ya kwanza, ulikataa kuandika kabla hujajua alikuwa anasema lugha gani. Mana wengi wao walitoka bara mbali, huko upande wa Nyasa, Kiswahili hawakijui. Ukaamua msichana wako asiseme kitu kabisa, aoneshwe sahani, aoneshwe kitanda, na yeye anatizama mikono ya kila mtu ajue kama itampiga. Ukatuigizia hapa sebuleni mimi na baba'ako. Hiyo ilikuwa historia, Kiswahili na maadili kwa siku moja, na sijawahi kuona kitabu cha skuli kinachofika pale.

Tulikuwa na masharti, unayajua, lakini nataka ujue yalitoka wapi. Skripti tunaisoma yote kabla hujasema ndio. Mmoja wetu anakuwepo mazoezini, ndo mana baba'ako alikaa kwenye zile ngazi za mawe za Ngome Kongwe na chupa ya chai mpaka usiku, na mle mle mkawa mnatizama filamu za tamasha la ZIFF pamoja na kubishana njia nzima. Jumapili haiguswi. Na kubwa kuliko yote ni lile swali nilokuwa nakuuliza kwa kila nafasi mpaka ukawa unanijibu kabla sijamaliza: humu kipi kinaigizwa na kipi kinafanyika kweli? Mana hasira inaigizwa, wizi unaigizwa, mauaji yanaigizwa, ukishamaliza hakuna aliekufa wala alieibiwa. Lakini uchi hauigizwi mwanangu. Ukivua nguo umevua wewe, mwili ni wako si wa yule mhusika, na mtu akikushika kimahaba kakushika wewe. Ndo sababu tulikukatalia ile filamu fupi ya yule kijana wa mjini na ukalia, na tukakuruhusu kuwa Herodia anaetaka kichwa cha Yohana Mbatizaji, jambo ambalo watu waliona tumegeuza mambo kichwa chini miguu juu. Roho yangu ilikuwa imetulia kwa yote mawili mpaka leo.

Sasa njoo kwa huyu mama wa pasi.

Mie nasema mkubali. Na ukimkubali usimlainishe. Nathani alipokwenda kwa mfalme Daudi alimpa hadithi ya tajiri mwenye mifugo chungu nzima aliemnyang'anya masikini mwanakondoo wake mmoja, na Daudi akawaka hasira akasema mtu huyo anastahili kufa, ndipo akaambiwa wewe ndiwe mtu huyo. Sasa fikiria Nathani angempamba yule tajiri, aseme alikuwa na mawazo siku ile, alitoa pole. Daudi asingewaka, na kile kidole kisingemfika. Wako wanawake watakaotizama tamthilia hii wamejipumzisha kwenye kochi na msichana wa kazi yuko jikoni toka alfajiri hajala. Unaenda kuongea nao wao. Ukiwaonesha jini lenye mapembe watasema mie siko hivo, watakunywa chai yao. Kwa hiyo usimtafute mbali. Huyo mama anaimba kwaya, anatoa sadaka, anasalimia vizuri, na akishamaliza kumchoma yule mtoto simu inalia anapokea kwa sauti tamu, "eeh shoga, za tokea juzi." Hiyo sauti tamu ndo itakayomuamsha mtu kwenye kochi. Mwambie dairekta wako kama hamna kwenye skripti aiweke.

Lakini yapo ya kuuliza kwanza. Hujaniambia anaeigiza hausigeli ana miaka mingapi. Kama ni mtoto, nani anakaa nae seti? Sio mtu wa vipodozi, nauliza mzazi au mtu wake. Huko bara kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na huku kwetu tunayo ya 2011, na mtoto kufanyishwa kazi usiku sheria imekataza, kwa hiyo wakikwambia mnashuti mpaka saa nane za usiku na binti wa miaka kumi na mbili usikae kimya kwa sababu wewe ni mgeni kwenye kazi. Ile pasi iwe ya baridi, waya haujachomekwa, na wewe mwenyewe uiguse kwa kiganja chako mbele yake kabla ya kila teki, aone. Ukishamaliza kumtukana mfate umkumbatie, mwite jina lake halisi, mle pamoja. Yeye ndie hasa anaeweza kuumia, mana matusi yale anayasikia kwa masikio yake ya kweli.

Uliza pia hadithi inaishia wapi. Sisemi lazima huyo mama aokoke, nachukia sana hizo tamthilia ambazo mtu anatesa watu sehemu zote halafu dakika tano za mwisho anapiga magoti na kila kitu kimekwisha, yule msichana alieungua hakuna anaemuuliza. Ila kama kamera inafurahia mateso, inakaa kwenye kilio muda mrefu kuliko hadithi inavohitaji ili watu washike simu zao wasambaze vipande, hapo utakuwa unatumika. Utalijua hilo ukisoma sehemu zote, ndo mana sehemu yako peke yake haitoshi.

Mkataba usaini baada ya kuusoma, uangalie malipo ya marudio na kama wanaweza kutumia sura yako kwenye matangazo bila kukuuliza. Mshirikishe na mchungaji wenu huko, si kwa kuomba ruhusa, wewe ni mtu mzima, ila ili siku muumini akimjia analalamika ajue cha kumwambia.

Na jioni ukitoka seti, usiende nae nyumbani huyo mama. Vua nguo zake, koga, ule, nipigie hata kama ni usiku, tusali kidogo, ulale. Ukiona siku zinapita na unawajibu watu ovyo, au umemkaripia konda wa daladala kwa sauti ambayo si yako, niambie mapema.

Baba'ako anasema anakuja huko na boti wiki mkianza, atakaa kwa mjomba'ako, na kama watamruhusu kukaa pembeni ya seti atakaa. Nimemwambia wewe sasa ni mkubwa, kasema anajua lakini atakuja. Nitumie skripti yote na tarehe, na uniandikie kama wanashuti Jumapili.

Mama'ako