Karani wa posta aliyeandika alfajiri

Swali lenu la wiki hii: ni mwandishi gani wa kigeni ambaye wasomaji wa Kiswahili wanastahili kumjua zaidi? Wangu ni Anthony Trollope, aliyezaliwa London mwaka 1815, akafariki 1882. Nimefanya kazi ya posta miaka 22, na nilimpenda kwanza kwa sababu ya kazi yake.

Aliingia posta mwaka 1834 kama karani wa mshahara wa pauni 90 kwa mwaka, akadumu hadi 1867. Kwa Waingereza, masanduku ya barua yanayosimama barabarani yalianzia kisiwa cha Jersey mwaka 1852, kwa pendekezo lake. Na huku akizunguka kukagua njia za barua, aliandika: kwenye treni, melini, na nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ikiwa mezani, akijidai maneno 250 kila robo saa. Riwaya 47!

Alipoyaeleza hayo katika tawasifu yake, iliyotoka 1883 akiwa ameshazikwa, wengi walimshusha hadhi. Anayehesabu maneno namna hiyo, walisema, ni fundi tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Tabia hiyo aliiona kwa mama yake, Frances. Baba, mwanasheria, alilemewa na madeni, familia ikakimbilia Bruges, Ubelgiji. Huko mama alikesha akimuuguza mume na mwana, kisha akakaa kuandika, maana vitabu vyake ndivyo vilivyowalisha wote. Kijana aliyekulia katika nyumba hiyo angesubirije hadi ajisikie kuandika?

Wala saa ile haikuukausha moyo wake. Siku moja klabuni aliwasikia makasisi wawili wakilalamika kwamba wamemchoka Bi Proudie, yule mke wa askofu anayetawala kila mtu katika riwaya zake. Akawaambia atakwenda nyumbani kumuua, na kweli akamuua kitabuni. Baadaye alijuta, akaandika kwamba bado anaishi na mzimu wake. Fundi tu hamlilii mtu aliyembuni mwenyewe.

Anzeni na The Warden ya 1855, ni fupi. Mzee Septimus Harding, kasisi, analipwa pauni 800 kwa mwaka kusimamia makao ya wazee maskini 12. Gazeti linauliza kama fedha hizo ni haki yake. Mkwewe, kasisi mkubwa, anamtaka akaze kamba. Yeye anajihoji usiku na mchana, na kila akifadhaika mikono yake hupiga sello, ala kubwa ya nyuzi, isiyokuwepo. Mwisho anajiuzulu, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Wale wazee walioahidiwa pauni 100 kila mmoja hawapati hata senti, na rafiki waliyekuwa naye ameshaondoka.