Mazda ina nini hasa?

Umeuliza kwa nini watu wanaing'ang'ania Mazda wakati Toyota inaizidi kwa mbali kwa ukubwa. Kwangu mimi ni ile injini ya rotari.

Kampuni ilianzia Hiroshima mwaka 1920 ikishughulika na gamba la mti, lile la kutengenezea vizibo vya chupa. Mwaka 1931 ikatoa kigari cha mizigo cha magurudumu matatu. Rotari yenyewe ni wazo la Wajerumani: badala ya pistoni kupanda na kushuka, kuna rota ya pembetatu inayozunguka. Tatizo, ncha zake zilikuwa zinakwaruza ukuta wa ndani. Wahandisi wa Mazda chini ya Kenichi Yamamoto walihangaika nalo mpaka gari lao la rotari, Cosmo Sport, likatoka 1967. Mwaka 1991 gari la rotari Mazda 787B likashinda Saa 24 za Le Mans, mbio za magari za Ufaransa, gari la kwanza la Kijapani kufanya hivyo. Toyota ilisubiri hadi 2018!

Ila rotari inabugia mafuta na inakula oili, kwa hiyo usinunue RX-8, Mazda nyingine ya rotari, kwa mihemko. Ukitaka raha bila presha, tafuta MX-5: pistoni za kawaida, gari jepesi, ipo tangu 1989.