Kisu cha bucha kimemeguka makali

Pole kaka, unauliza kama umeuziwa kisu feki. Hicho kisu kipya kilichomeguka makali kwenye mifupa ya mbuzi si lazima kiwe feki. Umekipa kazi ya shoka. Ubapa mwembamba, ulionolewa kwa pembe ya kama nyuzi 15 kila upande, hupita kwenye steki bila kusukumwa, ila nyuma ya makali hakuna chuma cha kuyashikilia. Ukigonga mfupa, na zaidi ukikipindisha kikiwa kimenasa, ni rahisi kimeguke. Cha mifupa kiwe na mgongo mnene na makali ya pembe ya nyuzi 25 hivi kila upande. Kisu chenye makali yaliyopinda kama tumbo kiache kwa kuchuna ngozi. Ukipita sokoni tafuta panga zito la mifupa. Hicho chembamba kinoe upya kwa jiwe lenye maji. Mashine ya kusaga vyuma inaweza kukiunguza, chuma kilainike.