4294967297 si namba tasa, na niliivunja kwa kalamu

Ndugu uliyeuliza kama 4294967297 ni namba tasa, na kama mtu anaweza kujua bila kompyuta: si tasa, inagawika na 641. Nilikaa nayo usiku kadhaa nikilinda geti ya godauni moja Industrial Area, ile saa nane mpaka saa kumi hakuna gari inaingia.

Nilianza vile tulifunzwa shule, jaribu 3, jaribu 7, jaribu 11, endelea mpaka kipeuo chake, yaani ile namba ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata hiyo 4294967297. Sasa kipeuo ni kama 65536 na tasa za chini ya hapo ni 6542! Usiku wa pili nilikuwa nimejaza nusu ya kaunta buku na sijafika hata 300, na ukikosea kubeba mara moja tu unarudia yote. Mpwa wangu anayesoma hesabu kampasi akaniambia, mjomba, wacha kugawa kwanza, angalia hiyo namba imejengwa aje.

Imejengwa hivi: 2 kipeo 32, yaani 2 thelathini na mbili zikizidishwa pamoja, jumlisha 1. Vipeo vya aina hii vinaenda vikijirudufu, 1, 2, 4, 8, 16, 32, na tano za kwanza zinakupa 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa. Fermat, mwanahesabu wa Ufaransa, akaona hivyo akaamini zote zitakuwa tasa. Mwanahesabu Euler ndiye alivunja hii ya sita mwaka 1732, na alionyesha kwamba tasa yoyote inayoigawa lazima iwe 64 mara kitu, jumlisha 1. Hapo kazi inaisha karibu yote, kwa sababu tasa za mtindo huo ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu na umefika.

Lakini kitu ilinifanya nisimame pale kwa geti ni kwamba hata kugawa hauhitaji. Angalia 641 yenyewe. Ni 625 na 16, yaani 5 kipeo 4 ongeza 2 kipeo 4. Pia ni 640 na 1, na 640 ni 5 mara 2 kipeo 7. Sasa chukua 2 kipeo 32, iandike kama 16 mara 2 kipeo 28. Hiyo 16 iandike 641 toa 625. Upande wa 641 unagawika wenyewe, uache. Upande wa pili, ule unaotolewa, ni 625 mara 2 kipeo 28, ambayo ni 640 kipeo 4 kamili. Na 640 ni moja pungufu ya 641, kwa hivyo 640 nne zikizidishwa pamoja, ukigawa na 641 baki ni 1, na baki hiyo ndiyo inatolewa. Basi 2 kipeo 32 imepungukiwa na 1 tu ndio igawike, na ile 1 tuliyojumlisha mwanzo ndiyo inajaza pengo. Niliisoma mara tatu na tochi ya simu nikihakikisha hakuna mahali nimedanganywa.

Kigawo cha pili ni 6700417, na hiyo nayo ni tasa. Tasa inayoigawa ingeigawa pia namba yetu kubwa, kwa hivyo lazima iwe ya mtindo ule ule wa 64. Kipeuo chake ni 2588 na kitu, na namba za mtindo huo hadi hapo, tasa na zisizo tasa, ni 40 pekee. Nilizimaliza usiku mmoja, matatu za kwanza zikianza kupita.